Siku moja maishani mwangu: chai ya saa nne ya mama

Saa 10 alfajiri

Juni ni mwezi wa kipupwe, na sisi wa bajaji huku Kigamboni, Dar es Salaam, tunakijua vizuri, maana upepo wa baharini unaingia kushoto unatokea kulia. Nilivaa koti, nikafuta kioo, nikaisukuma bajaji mpaka nje ya geti ndipo nikaiwasha, nisije nikamwamsha mama. Taa ya chumbani kwake ilikuwa inawaka tayari.

Mama ameuza vitumbua kwa miaka 22. Saa 8 usiku yuko macho, moto unawaka, na saa 11 ndoo imejaa, iko njiani kwenda feri kuwawahi wanaovuka kwenda mjini. Mwaka jana magoti yakakataa. Daktari akamwambia apunguze kusimama, mimi na dada yangu tukakaa naye tukambembeleza, akaacha biashara. Usingizi wa alfajiri haujamrudia mpaka leo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umetia kitu tumboni?"

"Nitakunywa chai huko huko."

Sikusema zaidi. Tangu Jumatano nilikuwa na mpango wangu wa Jumamosi hii, na dada na binti yake ndio peke yao walioujua. Katika miaka yote ile sijawahi kumwona mama akila kitumbua kizima. Vizima vilikuwa vya wateja. Sisi watoto tulipewa vilivyoungua upande mmoja, yeye akala vilivyovunjika, tena wima, na kikombe chake cha chai kikapoa juu ya tofali. Nilitaka kitu kimoja tu: akae kitako, anywe chai ya saa nne ikiwa ya moto, na asiguse sufuria.

Saa 11 alfajiri

Abiria wangu wa kwanza ni kina mama wa samaki. Wanakaa watatu nyuma, ndoo miguuni, na hawana muda wa maneno mengi kwa sababu mnada wa Feri haumsubiri mtu. Ukiwachelewesha dakika 10, umewaharibia siku nzima. Nilipiga trip nne mfululizo kati ya Tungi na pantoni. Hesabu ya tajiri, mwenye bajaji, ni shilingi 20,000 kwa siku, iwe mvua au jua, na mimi huwa nataka nusu yake iwe mfukoni kabla ya saa 3 asubuhi. Baada ya hapo abiria wanakauka mpaka jioni. Ndiyo maana chai ya saa nne ilinifaa kuliko chakula cha mchana au cha usiku: inaangukia pale ambapo kijiweni tunakaa tu kuzungumza mpira.

Saa 12 asubuhi

Nilimwachia mwenzangu wa kijiweni bajaji, nikavuka na pantoni kwa miguu. Pale mlangoni pa bandari maji ni membamba, dakika chache tu uko Magogoni, penye soko la Feri.

Upepo wa kusi ukishika, ngalawa na mashua ndogo nyingi hazitoki, na bei inapanda bila kuuliza mfuko wako. Mnadani wanunuzi wa jumla walikuwa wanagombea mafungu ya vibua kwa sauti ambayo mgeni angedhani ni ugomvi. Mimi nilikwenda kwa wachuuzi wa rejareja pembeni. Nilitaka samaki aina ya changu. Jodari ana nyama nyingi, lakini ukimkaanga anakauka, na mama anapenda samaki wa kuchambua mwiba kwa mwiba, anyonye na kichwa.

Namna ya kumchagua alinifundisha yeye. Macho yawe maangavu, yamejaa, yasiwe yamezama. Funua matamvua uone wekundu. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi mahali pake, huyo amelala baharini usiku huu, ikibaki na shimo, muage muuzaji kwa heshima uondoke. Nilipata watatu, mmoja mkubwa kuliko wenzake. Huyo nilishajua ni wa nani. Vijana wa kupara samaki wakaondoa magamba na matumbo huku nimesimama hapo hapo, nikaomba wawachanje ubavuni mara tatu tatu ili chumvi na ndimu ziingie.

Mihogo na nazi nilinunua nikiwa nimesharudi upande wetu. Mihogo ya Mkuranga ilikuwa imeshushwa alfajiri ile, bado ina udongo. Muhogo hauvumilii: ukikaa siku mbili tatu baada ya kung'olewa, ndani unaanza mistari ya bluu na weusi. Nilimwomba muuzaji avunje ncha. Ukavunjika kwa mlio mkavu, ndani mweupe. Nikachukua kilo moja na nusu, nazi mbili kavu zinazosikika maji zikitikiswa, na machungwa ya Muheza ambayo kwa msimu huu yamejaa kila kona.

Saa 1 mpaka saa 3 asubuhi

Kazi. Trip za wafanyakazi wa saiti, mama mmoja na mtoto wa kliniki, fundi na mlango wa mbao uliotokeza nje nusu. Samaki walikuwa kwenye ndoo ya barafu chini ya kiti changu. Saa 2:40 nilikuwa na 11,500, nikasema inatosha, nikageuza.

Saa 3 asubuhi

Dada alikuwa ameshamtolea mama kiti chenye mto, akakiweka nje chini ya mwarobaini. Mpwa wangu wa miaka minane nilimpa kazi moja: bibi asiingie uani. Akachukua kitana na mafuta, akaanza kumsuka mabutu, na mtu anayesukwa haondoki.

Jikoni kwetu kuna moto wa aina mbili, jiko la mkaa na mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu. Mama alikuwa akipika vitu vinne kwa moto mmoja, mimi nilihitaji kufikiri. Mihogo haina haraka, hiyo ya mkaa. Gesi itapika chai kwanza kwa sababu chupa itaitunza, halafu samaki, na chapati za maji mwishoni kabisa, maana zikipoa zinakuwa ngozi.

Kabla ya moto wowote nilikoroga unga: vikombe viwili vya ngano, yai moja, chumvi kidogo, kijiko cha sukari, iliki ya kutwanga, na maji vikombe viwili na nusu nikiyamimina kidogo kidogo ili pasibaki madonge. Uji wake uwe mwepesi wa kutambaa wenyewe kwenye kikaango. Nikaufunika upumzike nusu saa. Samaki nikawapaka ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga.

Chai ya maziwa ina siri moja tu, nayo ni tangawizi. Ukiitia mbichi kwenye maziwa, maziwa yanakatika. Nilichemsha kwanza maji vikombe vitatu na tangawizi ya kuponda, iliki tano na kijiti cha mdalasini, mpaka harufu ikafika nje nikamsikia mama akisema, "Mh." Nikatia majani, halafu ndipo maziwa vikombe vitatu, yakachemka yakapanda mara mbili. Ikaingia kwenye chupa.

Mihogo ndiyo iliyonikalisha. Unaondoa ganda la nje na lile la ndani lenye unene, unakata vipande vya urefu wa kidole, unapasua katikati kutoa ule uzi. Halafu mbuzi ya kukunia nazi. Sijakaa juu ya mbuzi tangu niko darasa la sita, lakini mkono unakumbuka namna ya kukizungusha kifuu usikune mpaka kwenye weusi. Tui la kwanza, zito, nikaliweka pembeni. La pili na la tatu, jepesi, likaenda sufuriani na mihogo na chumvi, bila mfuniko, mkaa wa wastani, kama nusu saa mpaka vipande vikaanza kupasuka.

Tui zito linaingia mwisho, na hapo ndipo mpishi anapopimwa. Nililimimina pamoja na kitunguu na pilipili mbili nzima, nikageuka kidogo kumtazama samaki kwenye gesi. Kutoka chini ya mwarobaini nikasikia:

"Punguza moto, baba! Hilo tui litakatika!"

Mama alikuwa ameipa jiko mgongo, ukuta ukiwa katikati yetu. Alikuwa anaisikiliza sufuria. Nilitoa makaa mawili kwa koleo, nikakoroga kwa upande mmoja bila kuacha, tui likatulia, likaanza kuwa zito na kung'aa. Miaka 22 ya alfajiri imekaa ndani ya masikio yale.

Samaki hataki papara. Nilimfuta maji kwa kitambaa, mafuta nikayaacha yapate moto sawasawa, nikamlaza, nikamwachia. Ukimgeuza kabla hajaiva ngozi, ngozi inabaki kwenye kikaango. Akiwa tayari anaachia mwenyewe.

Chapati ya kwanza ikachanika. Kikaango kilikuwa hakijapata moto wa kutosha. Ya pili ikatoka nzima, na tangu hapo hazikusumbua: upawa mmoja, zungusha, subiri juu ikauke, geuza, mafuta kidogo pembeni. Zikatoka tisa nzima.

Saa 4 na nusu

Tulitandika mkeka, mama tukamwacha kwenye kiti chake, tukamwekea meza ndogo. Siku hizi hoteli za upande wa Masaki zinauza mlo wa kati ya asubuhi na mchana kwa majina ya kigeni na bei za kigeni. Waache wauze. Chai ya saa nne tunayo tangu zamani, maofisini, shuleni na saiti, na ni mlo mkubwa ukipewa nafasi yake.

Nilimnawisha mikono mwenyewe, kwa birika na beseni. Akaangalia sinia: mihogo ya nazi, changu mkubwa, chapati zilizokunjwa mara nne, machungwa, kachumbari ya dada.

"Na ile iliyochanika iko wapi?"

"Ipi mama?"

"Ya kwanza lazima ichanike. Nipe hiyo."

Nikamwambia nimeshaila. Kweli nilikuwa nimeila, wima, pale pale jikoni, ili isije ikafika mezani. Alinitazama kwa muda. Halafu akachukua chapati nzima, akaikata katikati kwa vidole kama mtu anayekata kitambaa, akachovya kwenye rojo ya mihogo.

Akala. Hakusifia, na sikutaka asifie. Nilikuwa namtazama namna anavyokula, taratibu, mgongo umeegemea kiti, chai inafuka mvuke mbele yake. Mara mbili alishika mikono ya kiti kutaka kuinuka, mara kufuata chumvi, mara kumfukuza kuku, na mara zote mbili mpwa wangu akawahi. Ya tatu hakuinuka. Akaomba chai nyingine.

Alipofika kwenye kichwa cha changu ndipo akaanza kuzungumza. Akatusimulia mteja wake wa kwanza kabisa pale feri, mzee wa ngalawa aliyenunua vitumbua vinne kwa mkopo na kuulipa kesho yake kwa samaki. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nadhani hakuwahi kukaa muda mrefu kiasi hicho.

"Mihogo imeiva," akasema mwishowe. "Ungeongeza chumvi kidogo. Lakini kwa nini hukupika vitumbua?"

"Sivijui mama. Sikuwahi kujifunza."

Akanyamaza. Kwenye sahani yake ilikuwa imebaki miiba tu, imepangwa pembeni.

Saa 6 mchana mpaka saa 2 usiku

Niliosha vyombo, nikarudi barabarani. Mchana ulikuwa mkavu kama kawaida. Saa 10 jioni pantoni zikaanza kumwaga watu, nikapiga trip za Kibada na Mjimwema bila kupumzika, abiria wawili wakiniambia bajaji yangu inanukia nazi. Saa 1:30 hesabu ilitimia, na ya kwangu juu yake. Nikampelekea tajiri hela yake.

Saa 3 usiku

Nyumba ilikuwa kimya. Mezani palikuwa na sahani chini ya kawa: mihogo yangu, na chapati mbili nzima. Pembeni yake bakuli kubwa la bluu, lile alilokuwa akilitumia kwenye biashara, limefunikwa kwa kanga. Nilifunua pembe moja. Mchele umelowekwa, karibu kilo nzima, na juu ya maji zinaelea punje chache za iliki.

"Usivuruge," sauti ikatoka chumbani. "Mchele unatakiwa ulale."

"Mama, si tulikubaliana hupiki tena?"

"Nani kasema napika? Mimi nitakaa kwenye kiti. Wewe utasaga, utakoroga, utachoma. Abiria wa alfajiri kesho Jumapili watapata bajaji nyingine."

"Nikuamshe saa ngapi?"

Akacheka, kicheko kirefu, mpaka dada akagonga ukuta.

Nikakaa, nikala mihogo yangu, kisha nikaweka simu iniamshe saa 9.