Ile m ya kwenye mbuni

Baba ana kaunta buku la kwaya mbili lililojaa mashairi, yote kwa kalamu ya bluu, na kazi ya kuyachapa kwenye kompyuta ameniachia mimi. Yeye mizani, yaani silabi za kila mshororo, anazihesabu kwa vidole. Anasoma mshororo taratibu, kila silabi kidole kimoja kinagusa goti, na vikitimia nane anapumua. Nane za ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na nane za utao, kipande cha pili. Mimi sikio hilo sina. Nikichapa haraka silabi ikadondoka, sijui mpaka asome mwenyewe na kukunja uso.

Nikaamua kuandika programu ya kunikagulia. Silabi ya Kiswahili karibu daima huishia na irabu, kwa hiyo nikijua irabu ziko wapi ndani ya stringi (mfuatano wa herufi), mizani nimeshazipata. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni mistari miwili:

```
mshororo = "Mbuni umechanua, shamba lote lanukia"
print([i for i, h in enumerate(mshororo.lower()) if h in "aeiou"])
```

`enumerate` inapita herufi moja baada ya nyingine na kuipa kila moja namba ya mahali ilipo, kuanzia sifuri. Nafasi tupu na koma nazo zinahesabiwa. Hiyo `lower()` usiisahau, maana kwa kompyuta A kubwa si a ndogo, na mshororo unaoanza na "Amani" utapungukiwa mizani moja bila sababu. Jibu likaja:

```
[2, 4, 6, 8, 11, 13, 14, 19, 22, 25, 27, 30, 32, 34, 35]
```

Ni kumi na tano. Ningetaka idadi tu ningeishia hapo, nijue kuna upungufu basi. Lakini nafasi zinasema zaidi. Koma iko 15. Kabla yake kuna irabu saba, baada yake nane. Utao umetimia; pengo liko ukwapi.

Nikampelekea baba. Hakuitazama hata skrini. "Mwanangu, mshororo wangu hauna kasoro," akasema, kisha akaanza: m, bu, ni, u, me, cha, nu, a. Kidole cha kwanza kiligusa goti kwa ile m peke yake.

Kweli kabisa. Mtu ni m-tu, mkono ni m-ko-no. M ikifuatwa na konsonanti inaweza kusimama kama silabi kamili, na mimi nilitafuta irabu tu. Nikaongeza sharti: m ikifuatwa na konsonanti yoyote isipokuwa w, nayo iwekwe kwenye orodha. (W nimeiacha kwa sababu mwalimu ni mwa-li-mu.) Nikaendesha tena, zikatoka kumi na saba! Nafasi ya 0 imeingia, sawa, lakini na ya 20 imeingia pia, ile m ya ndani ya "shamba". Na shamba ni sha-mba, hakuna anayesema sha-m-ba.

Mshororo mmoja, m mbili, zote mbele ya b, moja ni mizani na nyingine siyo. Hapo nilikaa muda mrefu. Nikajaribu kusema m ihesabiwe ikiwa mwanzo wa neno tu, lakini mbuzi ni mbu-zi. Tena katikati ya neno haiko salama: alimbeba ni a-li-m-be-ba. Na neno lenyewe lililoanzisha yote ndilo gumu kuliko yote. Mbuni mti wa kahawa ni m-bu-ni. Mbuni ndege yule mkubwa ni mbu-ni. Herufi ni zilezile, kwenye nafasi zilezile. Baba anajua ni mti kwa sababu ameandika "umechanua", na ndege angekuwa "ame-". V nayo ni hivyo hivyo: mvuvi ni tatu, mvua ni mbili.

Kwa hiyo sasa programu inatoa orodha mbili. Ya kwanza ni nafasi za uhakika: irabu zote, na m iliyo mbele ya k, t, l, s na wenzake. Ya pili ni nafasi za mashaka, m zilizo mbele ya b au v, na chini ya kila moja inachapa alama ya kuuliza. N ya nchi, nne na nje bado naikagua kwa macho.

Kitu kingine kilichonisumbua ni koma. Ukwapi nilikuwa naukata kwa `mshororo.find(",")`, ambayo inarudisha nafasi ya koma ya kwanza. Mshororo usio na koma unarudisha -1, na Python haikulalamika: `mshororo[:-1]` ikaondoa herufi ya mwisho tu, na utao, nilioukata kuanzia nafasi inayofuata koma, yaani -1 + 1 = 0, ukawa mshororo mzima. Mshororo ulihesabiwa mara mbili na programu ikanyamaza. Kagua hiyo -1 kabla ya kukata chochote.

Jana jioni nilimchapia baba kurasa sita zenye alama za kuuliza. Alizipitia na kalamu yake ya bluu, vidole vya mkono wa kushoto vikiwa gotini. Chini ya "Mbuni" akaweka vema, chini ya "shamba" akaweka mkasi, akaniuliza kurasa nyingine ziko wapi.