Jinsi nilivyompata msimamizi wa grupu la wateja

Aisee hii ishu ilinitesa. Tunauza viungo vya Muheza, iliki, mdalasini, pilipili manga, ofisi ipo Ngamiani hapa Tanga, na grupu letu la WhatsApp lilishavuka watu 600. Usaili wa kwanza nikauliza yale maswali ya kukariri, udhaifu wako nini sijui, nikamchukua jamaa mwenye CV kali, wiki ya pili kagombana na mteja mbele ya watu wote!

Safari hii nikachukua meseji 3 za kweli, nikafuta majina na namba: mama kapokea iliki zina ukungu, wawili wanatukanana usiku, mwingine kaweka linki ya mikopo ya kitapeli. Dakika 20, andika ungefanya nini. Wengi walikimbilia kutoa watu tu. Dada mmoja, mkata tiketi stendi ya Kange, alianza na kufuta linki, halafu akamwomba radhi yule mama palepale grupuni ndo akamfuata inboksi kuomba picha ya mzigo. Nikamuuliza kwanini palepale?

"Kaka, wengine nao si wanaangalia kama utajificha."

Nikampa mwezi wa majaribio, wa kulipwa lakini, msifanyishe watu kazi bure jamani. Mpaka leo yupo.