Jinsi nilivyotumia uigaji wa kompyuta kukwamua kituo cha kuunganisha viwiliwili vya ndege

Nilipohamishiwa kitengo cha mipango ya uzalishaji katika kampuni moja ya kaskazini mwa Ujerumani, inayounganisha vipande vya viwiliwili vya ndege za abiria kwa niaba ya kiwanda kikubwa zaidi, nilikabidhiwa kituo ambacho kilikuwa kikichelewa karibu kila wiki. Kazi yake ni kuunga vipande viwili kwa mshono wa duara: vinasogezwa, vinabanwa, matundu yanatobolewa, kisha vinatenganishwa tena ili kingo za matundu zilainishwe na chenga za alumini ziondolewe, silanti, yaani gundi ya kuzibia, ipakwe kati ya bamba na bamba, ndipo vibanwe upya na kupigwa ribiti. Uongozi uliamini kwamba mashine ya kutobolea ndiyo inayochelewesha, na ombi la kununua ya pili lilikuwa limeshaandikwa. Niliomba kwanza nikiige kituo kizima kwenye kompyuta.

Sikuanza na programu bali na michoro. Anayefanya kazi hii karibu na Hamburg hawezi kukisahau kisa cha A380, ndege kubwa ya abiria ya Airbus yenye nyaya za takriban kilomita 530, ambazo mwaka 2006 zilishindwa kuenea zilivyopangwa, kwa kiasi kikubwa kwa kuwa wasanifu wa Ujerumani na wa Ufaransa walitumia matoleo tofauti ya programu ileile ya uchoraji, CATIA. Kwa hiyo nilihakikisha kwamba kila kipande nilichokiingiza kinatokana na toleo la mchoro lililokuwa likitumika karakanani wakati huo, na hili lilinichukulia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Baada ya michoro nilishughulikia muda wa kazi. Muda ulioandikwa kwenye karatasi za kazi ni wa fundi ambaye hatafuti kitu, hasubiri mtu na hachoki. Nilikaa na mafundi wa zamu zote mbili, nikawauliza kila hatua huchukua muda gani siku nzuri, siku ya kawaida na siku mbaya, kisha nikaiingiza tofauti hiyo yote badala ya wastani mmoja. Programu ya uigaji wa matukio huendesha wiki nzima ya karakana kwa dakika chache tu, hivyo niliweza kuirudia wiki hiyo mara nyingi na kuona foleni zinajikusanya wapi.

Hazikujikusanya kwenye mashine. Silanti tuliyotumia, ikishachanganywa, hupakika kwa takriban saa mbili, na ndani ya muda huo vipande vinapaswa viwe vimerudishwa pamoja na kufungwa. Kabla ya kuichanganya, ni lazima mkaguzi athibitishe kwamba matundu ni safi, na mkaguzi huyo alihudumia vituo vingine pia. Asipokuwa karibu wakati zamu inakaribia kwisha, mafundi, kwa haki kabisa, hukataa kuchanganya silanti, na kazi huangukia zamu inayofuata. Nilipoongeza mashine ya pili ndani ya kompyuta, idadi ya mishono iliyokamilika kwa wiki haikubadilika: matundu yalimalizika mapema zaidi, yakamsubiri mkaguzi kwa muda mrefu zaidi. Ule mchoro wa foleni ulizungumza na wakubwa kuliko maelezo yangu yote.

Bado palikuwa na ucheleweshaji wa sehemu ya chini ya sakafu, ambako fremu, yaani mbavu za ndege, hukaa takriban sentimita 53 moja kutoka kwa nyingine na fundi hufanya kazi akiwa amejikunja. Hapo nilitumia watu wa kidijitali, mwembamba na mwenye mwili mkubwa, nikawaweka katika nafasi zilizo jirani. Kwa kuwa niliwahi kushika keekee katika karakana ya matengenezo Nairobi kabla ya kuhamia huku, niliwaongezea vitu ambavyo michoro haivionyeshi kamwe: mpira wa kupitishia upepo wa kuendeshea keekee, bomba la kufyonza chenga, na waya wa taa. Bega la yule mkubwa liligonga mhimili wa sakafu, na programu ikakipaka kifundo chake cha mkono rangi nyekundu, ishara ya mkao unaoumiza. Ili nisiitegemee rangi tu, nilimwomba fundi mmoja mwandamizi avae miwani ya uhalisia pepe. Mama yule alichuchumaa, akanyoosha mkono, akausogeza kushoto, kisha akaniambia: “Kijana, hapa sifiki mpaka mtu atoe kwanza vile vibano vya mabomba.” Vibano hivyo vilikuwa vikifungwa na kituo kilichotutangulia.

Basi mabadiliko yenyewe yakawa madogo. Vibano vilihamishiwa baada ya mshono. Mkaguzi akawa anaitwa mashine inapoanza safu ya mwisho ya matundu, si inapomaliza. Silanti ikapangiwa mwanzo wa zamu. Niliujaribu kila mpango kwanza ndani ya kompyuta, ukiwemo mmoja wa meneja wetu uliovutia sana kwenye karatasi lakini uliowafanya mafundi wawili wagombanie ngazi moja. Kituo kilianza kumaliza ndani ya muda wake, ombi la mashine likaondolewa, na sehemu ndogo ya fedha hizo ikanunulia jukwaa fupi la magurudumu na reli ya juu ya kuning'inizia mipira ya upepo.

Kilichobaki ni mianya. Vipande viwili havikutani sawasawa kila mara, na bamba jembamba la kujazia mwanya hukatwa baada ya kupima. Ndani ya uigaji niliingiza hali hiyo kama bahati tu, kwa kufuata vipimo vya ndege zilizopita. Kwa sasa tunaunganisha vipimo vya leza vinavyochukuliwa kabla ya kipande kuondoka kituo cha awali, ili bamba likatwe mapema na lisubiri kwenye kitoroli cha vifaa kipande kinapoingia.