Siku mama aliposoma jina la kaka kule Kaboya

Mwaka 1999 mwezi wa saba nilimpeleka mama Kaboya kuliona kaburi la kaka yangu. Ilikua imepita miaka 20 tangu azikwe na miaka yote hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika, baba alikufa bila kufika. Kwetu ni Magu, Kaboya iko Muleba mkoa wa Kagera, upande wa pili wa ziwa, na kwa watu wanaoishi kwa kilo chache za pamba ile safari ilikua inaahirishwa kila mwaka, mara mvua haijanyesha, mara mtoto ana ada, mpaka mama mwenyewe akaacha kuitaja.

Kaka alikua na miaka 21 vita vya Kagera vilipoanza. Hakua askari wa kazi, alikua mgambo wa kijiji tu, wale waliokua wanapigishwa kwata jioni kwenye uwanja wa shule na bunduki za mti. Idi Amin wa Uganda alipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni yake, alafu tukasikia daraja la Kyaka limelipuliwa, sisi tulikua tunasikiliza kwenye redio ya jirani maana kwetu hakukua na redio. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, ile ya uwezo na sababu na nia, naikumbuka kwa jinsi watu wazima walivyosimama wima mbele ya kile kiredio kama vile Mwalimu yuko pale anawaona. Baada ya siku chache mgambo wakaitwa. Kaka aliondoka alfajiri kwenye lori lililokua linabeba pamba, mama akamfungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kitambaa, na kaka akanishika kichwa akaniambia we ndo msomaji sasa, nikiandika usome vizuri usiruke maneno.

Nlikua na miaka 11, darasa la nne. Baba na mama hawakujua kusoma.

Barua zilikuja nne. Tatu za kwanza zilikua za salamu tu, anauliza mvua, anauliza ng'ombe, anasema wako salama na wanatembea sana, hasemi wako wapi. Ya nne ilifika mwishoni mwa Machi 1979. Nikaifungua mbele ya wote kama kawaida, nikasoma salamu, nikafika katikati nikakuta amepiga mstari na juu yake ameandika kwa herufi kubwa HAPA USIMSOMEE MAMA. Chini yake aliandika kwamba anaogopa. Kwamba usiku mizinga ikianza anatetemeka mpaka anauma kola ya shati ili wenzake wasisikie meno yake yanavyogongana. Kwamba kuna siku alilia na hakujua kama analia mpaka mwenzake alipompa kitambaa. Kwamba kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia haya na huyo ni mimi.

Mtoto wa miaka 11 jamani. Macho yangu yaliruka yale maneno yakatua chini kwenye habari za ndama, nikaendelea kusoma, ila sauti ilikua imeshabadilika. Baba akaniuliza mbona unameza mate, nikasema mwandiko mbaya. Mama hakuuliza kitu, aliniangalia tu.

Land Rover ya jeshi ilikuja Aprili, siku chache baada ya redio kutangaza kwamba Kampala imeanguka, watu bado walikua wanashangilia. Wanajeshi wawili wakashuka na katibu wa tawi, wakavua kofia kabla hawajafika uani. Mama aliona zile kofia akakaa chini palepale, hakusubiri neno. Kumbe hata ile siku namsomea mama barua ya nne, kaka alikua ameshazikwa zaidi ya wiki mbili.

Jinsi alivyokufa tulikuja kuambiwa na mtu aliyekua naye, kijana wa kata ya pili, alirudi na mguu mbovu akaja nyumbani kabla hata hajamaliza siku mbili kwao. Walikua brigedi ya 201, wengi wao mgambo kama kaka. Walikua wanasogea kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na pale Lukaya ile barabara inapita katikati ya kinamasi, mafunjo huku na maji huku. Jioni ya Machi 10 wakakutana na Walibya walioletwa na Gaddafi kumsaidia Amin, wana vifaru na yale makombora ya Katyusha. Alisema mengi ya makombora yalipita juu yakaenda kuangukia nyuma, lakini ule mlio, hakuna aliyewahi kusikia kitu kama kile, na giza lilikua linaingia, wakaiacha barabara wakakimbilia kwenye maji. Yeye akapigwa na kipande cha chuma mguuni akabaki kwenye mafunjo, maji yanamfika kifuani. Kaka alikua ameshatoka. Alikua kwenye nchi kavu kabisa, na wenzake. Akasikia mtu anaita kwa Kisukuma, akarudi. Akambeba mgongoni mpaka nje. Alafu akasikia mwingine, akarudi tena, na mara hiyo ya pili hakutoka. Asubuhi brigedi ya 208 ilikua imezunguka ikatokea upande wa Kampala, 201 nao wakajipanga upya wakarudi kwa mbele, Walibya wakabanwa katikati wakapigwa vibaya. Ndo wakamkuta kaka kwenye mafunjo, amemshika yule wa pili chini ya makwapa, wote wamekufa.

Kwa ajili hiyo akapewa nishani. Baba aliitwa mjini Mwanza akakabidhiwa yeye, akarudi nayo imefungwa kwenye leso, ikawekwa kwenye kopo la majani ya chai pamoja na zile barua nne. Na kuanzia hapo kila msiba, kila mkutano, kila mgeni akija, watu wanasema yule kijana hakujua woga kabisa, simba yule, hakuogopa kitu. Baba alipenda sana kuyasikia yale maneno na mimi sikumlaumu. Lakini mimi nilikua nakaa pale na ile aya kooni. Nikisema, namvua kaka nguo mbele za watu. Nikinyamaza, naona kama wanamsifia mtu mwingine ambaye simjui, maana kaka yangu mimi aliuma kola ya shati.

Mwaka 1981 mama alijiandikisha kisomo, yale madarasa ya jioni ya watu wazima. Sisi tukafikiri anafuata wenzake. Alikua anatembea nusu saa na daftari kwenye kanga, anarudi anaandika ba be bi chini kwenye vumbi na kijiti. Sikuwahi hata siku moja kuunganisha mambo, na hilo hadi leo linanishangaza.

Sasa hiyo safari. Mwaka 1999 nilikua nimeshapata kazi, nikamwambia mama tunaenda, hakuna kuahirisha tena. Tatizo likawa meli. Tangu MV Bukoba izame Mei 1996 mama hakutaka kusikia habari ya ziwa, na basi la kutoka Magu kwenda Mwanza linapita Igoma palepale walipozikwa wale marehemu. Tulipofika Igoma akageuza uso upande wa pili, akashika kopo lake mapajani na mikono yote miwili, hakusema turudi. Usiku mzima ndani ya MV Victoria hakulala, alikaa wima kwenye benchi la daraja la tatu na kila meli ikiyumba ananishika mkono. Alfajiri tukashuka Kemondo, tukapata pikapu mpaka Kaboya.

Makaburi yako kwenye eneo la jeshi. Getini tulimkuta askari kijana sana, nafikiri hata kuzaliwa alikua hajazaliwa wakati wa vita. Nikaanza kueleza, mama akanikatisha akasema nimekuja kwa mwanangu. Yule kijana akasimama sawasawa, akasema shikamoo mama, akatupeleka mwenyewe.

Sijui nilitegemea kuona nini. Yamepangwa mistari kama gwaride, mstari na mstari na mstari, nikaanza kuhesabu nilipofika hamsini nikaacha. Miaka yote nyumbani kaka alikua mmoja, peke yake, shujaa wetu. Pale alikua mmoja katika wengi na kila mmoja kati ya wale ana nyumba kama yetu mahali fulani Rufiji au Songea au Tarime, na mama, na kopo.

Askari akatuonyesha mstari akarudi nyuma kidogo kutuachia nafasi. Mimi nikatangulia haraka ili nitafute jina nimsomee mama, ni mazoea, maisha yangu yote mimi ndo msomaji. Mama akanivuta shati. Akasema acha. Akapita yeye, kaburi moja baada ya jingine, anainama, midomo inacheza, anasoma kila jina, hata ya watu wasio wake, hakuruka hata moja. Ilichukua muda mrefu sana. Jua lilikua limeshakua kali. Alafu akasimama, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza akaanza kuvuta silabi moja moja, jina la kaka, alafu la baba, alafu la ukoo. Akalirudia mara ya pili bila kusimama. Akakaa chini.

Alitoa udongo wa Magu aliokua ameufunga kwenye kitambaa akaumwaga pale, akang'oa majani mawili matatu yaliyoota pembeni. Nikamuuliza kama tuitoe nishani kwenye kopo akasema iache humo, yeye anajua alichofanya. Alafu akasema, bila kuniangalia,

"Ile barua niliisoma zamani. Mwaka ule ule nilipojua kusoma."

Nikashindwa kujibu.

"Alikua anaogopa mwanangu. Alikua anaogopa hivyo na akarudi kwenye maji mara mbili."

Nikamwambia mama nisamehe, aliniambia nisikusomee. Akasema najua, niliona alivyoandika, ulikua mtoto na ulilitunza neno la kaka yako, nikuseme nini. Alafu akalia. Na mimi nikalia, mtu mzima wa miaka 31, na yule askari kijana pale nyuma nilimuona anajifuta na mkono wa shati akijifanya anaangalia barabara.

Usiku tukiwa melini tunarudi mama akafungua kopo, akatoa ile ya nne, karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Akanipa. Akasema macho yangu usiku hayaoni, nisomee, yote. Nikasoma chini ya ile taa ndogo ya ukutani, salamu, alafu HAPA USIMSOMEE MAMA, alafu yote ya chini yake, mizinga, kola ya shati, kitambaa cha mwenzake, mara ya kwanza nayasoma kwa sauti. Watu walikua wamelala pembeni yetu. Mama alikua anaitikia eeh, eeh, kama mtu anayeongea na mwanae jikoni. Nikafika mwisho pale anaposema mwambie baba yule ndama mwenye baka asimuuze, nikirudi nitamfundisha jembe.

Mama akauliza, alisema mwenye baka au yule mwekundu?

Nikaangalia tena. Mwenye baka, mama.

"Eeh," akasema. "Yule."