Siku moja maishani mwangu: pazia la nyuma la Crown

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka, chai ya rangi na chapati mbili, afu naiwahi basi ya mwendokasi ya Kimara kuja Gerezani hapa Dar maana ukichelewa kidogo tu unasimama njia nzima. Mi ni fundi umeme wa magari, kazi nyingi ni taa, alternata na stata.

Saa 2 asubuhi kaja mzee mmoja na Toyota Crown Royal Saloon ya 2005. Shikamoo, marahaba, akasema fundi pazia la nyuma halipandi, lile la kuzuia jua kwenye kioo cha nyuma linalopandishwa na mota, nimeambiwa mota imekufa ninunue nyingine. Nkamwambia mzee wangu tusinunue kitu kwanza. Nikazima redio, dogo anayejifunza kwangu nikamwambia anyamaze, nikabonyeza swichi tukasikiliza. Mota inalia mmmm, pazia linapanda upande wa kulia kama kiganja afu linapinda. Jamani mota inayolia hivyo haijafa! Ingekuwa kimya kabisa ndo unaanza na fyuzi, unapima kama volti 12 zinafika kwenye soketi ya mota, zikifika na bado iko kimya hapo sasa ishuku mota.

Saa 3 tukaanza kufungua, na hapa ndo pa kuwa na subira. Siti ya kukalia unainyanyua kwa mbele inaachia klipu, ya mgongo ina bolti kwa chini, afu plastiki za pembeni ndo ufike kwenye shelfu ya chini ya kioo cha nyuma, pazia linapokaa. Klipu za gari la miaka hiyo zimekaukia juani, ukivuta kwa hasira zinakatika, mi natumia kibanzi cha plastiki, bisibisi siweki kabisa.

Karibu saa 6 tukauona ugonjwa. Pazia linanyanyuliwa na mikono miwili ya chuma, na ncha ya mkono wa kushoto ina kigurudumu cheupe kinachoteleza ndani ya reli ya juu ya pazia, kimepasuka nusu, nusu iliyobaki imekuwa ya njano, ukiibana na kucha inamong'onyoka. Jua la Dar linapiga pale kutwa nzima, na mzee akakumbuka wajukuu walikuwa wanalivuta kwa mkono likichelewa kupanda.

Saa 7 wali maharage kwa mama ntilie. Saa 8 jamaa anayechonga kwa mashine akanitolea kingine kwenye fimbo ya nailoni, cha kwanza kikawa kinene kinakwama, cha pili kinacheza, cha tatu ndo chenyewe. Nikapaka grisi ya silikoni kidogo sana, oili ya injini usiweke, inashika vumbi na kitambaa kinachafuka.

Saa 10 tukajaribu kabla ya kurudisha siti. Likapanda limenyooka. Mzee akabonyeza mwenyewe mara tatu, ya nne akaweka gia ya rivasi likashuka lenyewe kama linavyotakiwa ili dereva aone nyuma, kwa mota ileile aliyoambiwa imekufa.