Nilivyowapa wanafunzi kalamu nyekundu waisahihishe akili mnemba

Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili kidato cha pili, hapa Songea. Somo lenyewe bado changa: lilianza na kidato cha kwanza Januari 2024, mtaala mpya ulipoingia, na linafundishwa kwa Kiswahili. Zamani mwanafunzi mvivu alitafuta desa la kaka yake. Siku hizi anaomba simu ya mama jioni, au anapita steshenari, kijana wa dukani anaiuliza programu ya akili mnemba, karatasi inatoka kwenye printa, mtoto anakwenda nyumbani kunakili kwa mwandiko wake.

Kuwatambua hakukuwa kazi. Mtoto niliyemsikia akibishana kuhusu mpira kwa sauti ya juu ananiletea insha ya Vita vya Maji Maji inayoanza "Ni muhimu kutambua kwamba", na aliyekaa nyuma yake ameanza vivyo hivyo, na wa dirishani pia. Ofisini wenzangu walitaka wote wapewe sifuri. Mmoja alishauri tutafute programu za kubaini maandishi ya mashine. Nilikataa. Programu hizo hukosea, humtia hatiani hata aliyetoa jasho lake, na mimi simwadhibu mtoto kwa ushahidi ambao siwezi kumweleza mzazi wake akija kuuliza.

Nikaona heri karatasi hiyo hiyo iwe ndiyo somo. Niliiuliza programu swali nililowapa, nikatoa kopi za jibu lake, moja kwa kila dawati, na kalamu nyekundu juu yake. "Leo ninyi ndio walimu," nikawaambia. "Kila panapotajwa mtu, mahali au mwaka, pigeni mstari. Pembeni andikeni mmethibitishia wapi: kitabu, Makumbusho, au mtu. Msipopata, wekeni alama ya kuuliza."

Kwa dakika kadhaa walikuwa wanatoa vema tu, maana jibu lilikuwa limepangika vizuri kuliko lolote waliloandika wao. Kisha wakafika kwenye sentensi iliyosema kwamba Kinjikitile Ngwale, mganga wa maji ya dawa ya vita hivyo, alinyongwa Songea mwaka 1906. Darasa likazizima kwa kelele. Hawa ni watoto wa hapa. Kila Februari wanaona kumbukumbu ya mashujaa ikifanyika Makumbusho ya Maji Maji, na wanajua walionyongwa hapa mwaka 1906 ni viongozi wa Wangoni, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Kinjikitile alikuwa mtu wa Ngarambe, upande wa Rufiji, na Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, kabla vita havijafika Ungoni.

Hapo ndipo nilipochukua chaki. Nikaandika ubaoni maneno matatu: kunyongwa, Songea, 1906. Nikawaeleza kuwa programu hii haikumbuki tukio. Inakisia neno gani lifuate, kwa kuangalia maneno gani huandikwa pamoja mara nyingi. Maneno haya matatu huandikwa pamoja, na jina la Kinjikitile halikai mbali nayo, basi ikayaunga. Tena imelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, kwa hiyo mambo ya kwetu huyasimulia kama mgeni aliyepita na basi.

Msichana mmoja akaomba niiulize kama kuna rais wa Ujerumani aliyewahi kuja kuomba radhi. Ikajibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba hakuna. "Mwalimu, mbona bibi yangu alimwona hapo Makumbusho?" Ni kweli. Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja tarehe 1 Novemba 2023 na akaomba msamaha hapa hapa Songea. Sikuongeza neno. Bibi alikuwa ameshamaliza kazi.

Tangu siku hiyo kutumia akili mnemba kwangu si kosa, kuficha ndiko kosa. Kila kazi ya nyumbani inamalizia na maelezo mafupi: nimetumia nini, nimebadilisha nini, nani kanithibitishia. Wasio na simu janja nyumbani wanaandika walichoambiwa na wazee, na wengi wao wananishinda hata mimi. Kanuni ni moja: kilichobeba jina lako, utakijibia wewe. "Mashine ndiyo ilisema" haipokelewi.

Kanuni hiyo nikaihamishia kwenye stika. Anayefundisha vijana ananielewa. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini usiku grupu la WhatsApp halilali, na sura ya mwenzao aliyepigwa picha akitafuna muhogo ilishageuzwa stika, ikawekewa maneno, ikazunguka mpaka kwa dada yake chuoni. Waliosambaza walijitetea kuwa si wao walioitengeneza. Nikawauliza kidole kilichobonyeza kutuma kilikuwa cha nani. Tukaisoma kwa lugha nyepesi Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuhusu taarifa za uongo na kumnyanyasa mtu mtandaoni, halafu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wengi walishangaa kuambiwa kuwa picha ya mtu nayo ni taarifa yake binafsi. Stika haikufutika yote, kitu kikishatoka hakirudi, lakini waliokuwa nayo waliifuta mbele ya wazazi wao na wakamwomba mwenzao radhi.

Kanuni inanibana na mimi. Programu hizi hunisaidia kutunga maswali ya majaribio, sikatai, lakini jina la mwanafunzi, alama zake wala habari za kwao siziingizi humo. Maoni ya ripoti naandika kwa mkono.

Kinachonishinda bado ni muda. Kila anayeleta kazi anapaswa kujieleza kwa mdomo, asimame na kujibu maswali yangu, na darasa langu limejaa mpaka mlangoni. Kwa sasa nachagua wachache bila mpangilio, na aliyeitwa leo anaweza kuitwa tena kesho. Wanalalamika sana juu ya hilo la kuitwa tena.