Mwenyewe Hayupo

Wiki hii Rehema amepata ile barua ya uhamisho, Baba ametolewa nyuzi za jicho salama, na kitengo chetu kimepata mkuu mpya. Hata hivyo, kila nikikaa peke yangu jioni, linalonirudia ni neno la bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake mchanga kupimwa usikivu.

Mtoto alikuwa amekwisha kulala. Nilimsafisha ngozi ya paji la uso na ya nyuma ya masikio, nikabandika elektrodi, vile vibandiko vinavyonasa umeme wa mwili, kisha nikamwekea visikizi vidogo. Bibi akauliza, "Sasa amelala, atajibuje?" Nikamwambia, "Ndivyo tunavyotaka, Bibi. Akilala, kipimo hutoka safi zaidi." Akamtazama mtoto kwa muda, kisha akasema bila ukali wowote, "Basi, mwanangu, mnampima mwenyewe hayupo."

Nilimweleza yale tunayowaeleza wazazi wote: kwamba sauti fupi inapofika sikioni, neva ya kusikia na vituo vya shina la ubongo hutoa umeme mdogo mno, usiofikia hata maikrovolti 1, yaani sehemu moja ya milioni ya volti, ilhali umeme wa misuli ya shingo na taya, pamoja na ule wa shughuli nyingine za ubongo, huwa mkubwa kuliko huo mara nyingi. Ndiyo maana sauti ileile hurudiwa mara elfu na zaidi, na mashine hutafuta wastani. Kisichohusiana na sauti hujifuta chenyewe kidogo kidogo, na kinachoifuata sauti kwa wakati uleule kila mara hubaki. Ukirudia mara 2,000, kelele hupungua karibu mara 45. Mtoto anayejinyoosha au kulia huharibu kazi hiyo yote. Bibi alitikisa kichwa kwa adabu, kama wazee wanavyofanya wanapokuwa hawajaridhika.

Nimelirudia jibu lake usiku hadi usiku, na kila mara naona kwamba alikuwa amegusa kiini cha jambo. Mawimbi ninayoyatafuta, yale ambayo watafiti Jewett na Williston waliyaeleza mwaka 1971 na kuyapa namba, hutokea ndani ya milisekunde 10 tangu sauti ilie. Wimbi la tano, ambalo ndilo tunalolitegemea zaidi, kwa mtu mzima hutokea baada ya milisekunde 6 hivi sauti ikiwa kubwa, na kwa mtoto mchanga huchelewa kidogo kwa kuwa njia zake za neva bado hazijakomaa. Usingizi hauyabadilishi mawimbi hayo kwa kiasi cha kutusumbua. Kwa hiyo ni kweli: ninachopima ni njia, na njia inaweza kuwa wazi kabla hatujajua lolote kuhusu anayeipitia. Mtoto yule njia zake zilikuwa wazi, masikio yote mawili, hadi kwenye sauti za chini kabisa tulizompa. Je, anaitambua sauti ya bibi yake? Karatasi niliyowakabidhi haikugusa swali hilo.

Hali yangu ilibadilika Alhamisi usiku, nilipokuwa nikiwaandalia wanafunzi somo la majibu ya ubongo yanayochelewa. Mtafiti Pauline Davis alikwisha kuona mwaka 1939 kwamba umeme wa ubongo wa mtu aliye macho hubadilika anaposikia sauti. Jibu kubwa la gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huja karibu na milisekunde 100, nalo hutegemea sana usingizi na umakini, kama ambavyo bibi angetarajia. Lakini kuna lile jibu ambalo mtafiti Risto Näätänen wa Ufini na wenzake walilieleza mwaka 1978: unasikilizishwa sauti moja inayojirudia, ghafla inapita nyingine tofauti, na ubongo unaionyesha tofauti hiyo hata kama umezama katika kusoma kitabu na huzijali sauti hizo. Jibu la namna hiyo limepatikana hata kwa watoto wachanga waliolala. Nilisimamisha kazi nikafurahi, peke yangu mezani, furaha ya kweli. Mtoto amefumba macho, hakuna anayemtaka asikilize, na bado ndani yake kuna kinachohifadhi sauti iliyopita na kuilinganisha na inayokuja. Sithubutu kusema huyo ndiye mwenyewe. Ila tena siwezi kukubali kwamba hayupo kabisa, na kama bibi angekuwa bado amekaa pale kwenye kiti, ningemsimulia habari hiyo kwanza na kuyaacha mambo ya maikrovolti yasubiri.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni Mama, ambaye ameahirisha tena kwenda kupima shinikizo la damu, na safari hii hataki hata tulizungumzie.